Kiti Kilichoupa Ubao Mgongo

Mtu huanza lini kuwa mtu mzima? Nauliza kwa hasira, msije mkadhani ni hekima. Nataka nionyeshwe saa yenyewe, ile ambayo mtu aliingia akiwa hajui na akatoka anajua, na tangu hapo watu wakaanza kumwamkia na kumpisha kwenye kiti. Saa ndiyo kazi yangu. Zinapita mbele yangu kila siku zikivuma ndani ya bomba, nazifungulia na kuzifungia kwa mikono hii, na ile ya kwangu sikuwahi kuiona ikipita. Labda ilipita nimeinama, nafunga kamba ya kiatu.

Katika mji huu saa huja kwa mgao. Zinatoka huko zinakotoka, zinaingia kwenye jumba letu la mabomba, na kutoka hapo zinagawiwa mtaa kwa mtaa. Asubuhi zinakwenda Sokoni, mchana Viwandani, alasiri Kilimani kilipo chuo, na zikibaki, narudia, zikibaki, ndipo zinateremka Bondeni ninakoishi mimi. Mtaa ambao haujafunguliwa saa husimama. Pita Bondeni kabla ya mgao utaona mwenyewe: mwanamke ameinua kikombe na hakijafika mdomoni, chai inafuka mvuke uleule, kuku yupo na mguu mmoja juu. Hawaumii, hawajui. Koki ikifunguliwa mwanamke anakunywa, kuku anakanyaga, na mume wangu, ambaye kila mara mgao humkatisha katikati ya maneno, anamalizia sentensi aliyoianza juzi. Tumezoea. Tunanung'unika tu kama watu wanavyonung'unikia mgao wowote.

Mimi ni mshika koki ya Kilimani. Ni gurudumu la chuma, zito, linataka mabega yote mawili. Alasiri nalizungusha, saa zinapanda mlima, na huko juu chuo kinaamka, kengele inalia, vijana wanatoka mabwenini wakikimbilia mihadhara. Nikishaifungua, koki hukaa wazi mpaka nirudi kuifunga. Nikichelewa kuifunga, saa zote zinaishia huko juu na Bondeni wanabaki na kikombe hewani. Hiyo ndiyo kazi, na niliifanya muda mrefu kimya kimya, mpaka alasiri moja swali likanikaba nikiwa nimeshika gurudumu. Nani aliyeamua Bondeni iwe ya mwisho?

Nilimpelekea Bwana Kitwana, msimamizi wetu, mtu mwenye tumbo la cheo na ufunguo unaoning'inia shingoni. Alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyeletewa mgonjwa.

"Wewe ni mtu mzima bwana," akasema. "Maswali gani hayo?"

"Wewe unajua jibu?"

"Mimi najua koki."

"Basi nani anajua?"

Akaonyesha mlimani kwa kidevu, kwa dharau, bila kufikiri kwamba kuna mtu angeweza kukifuata hicho kidevu. Mimi nikakifuata. Kule chuoni kuna somo linaitwa Chanzo cha Saa, na nilipolisikia jina lake moyo ulinidunda kama wa msichana. Nikajiandikisha. Jina langu ni Mwantumu. Nalitaja sasa hivi kwa sababu mpaka karibu na mwisho hamtalisikia likiitwa na mtu, na kisa chenyewe ni hicho.

Toka siku hiyo Bwana Kitwana akaniita mwanafunzi. "Mwanafunzi wetu hajambo? Mwanafunzi, hiyo nati umeikaza, au mpaka ukaisome kwanza?" Wenzangu wakicheka, na mimi nikicheka, maana ukinuna ndiyo unawanogeshea. Nilijiambia, si neno. Huku chini wananiita mwanafunzi kwa kejeli, kule juu wataniita mwanafunzi kwa kweli. Masikini mimi.

Kwanza kuna jambo la kuchelewa. Saa ya Kilimani haianzi mpaka niifungue, na nikiifungua mimi niko huku chini, kwenye jumba la mabomba, na mafuta mikononi. Naizungusha koki, nasikia saa zinapaa, halafu natoka mbio kuifuata saa niliyoifungua mwenyewe. Inanipita kwenye bomba kando ya njia, naisikia inavuma, inakwenda kuwakuta walioketi tayari. Siwezi kuiwahi. Mlinzi wa geti anawahi, wauza karanga wanawahi, kijana aliyelala mpaka kengele ilipomwamsha anawahi. Anayechelewa ni yule aliyewafungulia. Nimelitazama jambo hili kila upande nikitafuta pa kulikosoa, sipaoni, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Siku ya kwanza niliingia darasani nahema, kitenge juu ya ovaroli, jasho likinichuruzika. Mwalimu alikuwa hajafika. Darasa zima likasimama. Mabenchi yalikwaruza sakafu, vijana wote wima, na kwa sauti moja wakasema, "Shikamoo!" Waliniona mwalimu. Nywele zangu zina mvi, pumzi yangu ni ya mtu mwenye haraka, nani mwingine angeingia namna ile? Sasa niambieni, nyinyi mngefanyaje? Mimi nimelelewa. Neno hilo likinifikia, mdomo wangu hauniombi ruhusa.

"Marahaba," nikasema.

Basi, nimekwisha. Ukishaitikia marahaba umekubali kuwa juu, na walioko chini wamekuona ukikubali. Nilijitahidi kulirudisha. Nikasema, hapana, jamani, mimi ni mwenzenu, nimekuja kusoma. Wakacheka kwa upole, wakadhani mama ana utani. Nikaenda kuketi kwenye benchi la nyuma, na lile benchi lote likahama! Vijana waliinuka kunipisha mmoja baada ya mwingine, wakaniachia ubao mtupu wa kukalia wenye nafasi ya kutosha kulala.

Ndipo akaja Sekela. Huyu ni binti mwenye macho makubwa na adabu isiyo na mfano, na nikisema ndiye adui yangu mkuu katika chuo kile, naomba mnielewe. "Mama, usikae huku," akaniambia, ameshanishika kiwiko. "Hili benchi litakuumiza mgongo. Njoo, tumekuletea kiti." Kiti kikawekwa mbele. Na kwa kuwa kwao ni aibu mtu mzima kukaa nyuma ya watoto akitazama visogo vyao, kiti kikaelekezwa kwao. Nikaketi. Nikawa nawatazama wanafunzi wote usoni, na ubao ulikuwa nyuma yangu.

Fikirini hilo kidogo. Mwalimu anaandika, chaki inalia nyuma ya kichwa changu, macho ya vijana yanakwenda kulia na kushoto yakifuata maandishi, midomo yao inafunguka wanapoelewa. Naona kuelewa kunavyowafika. Naona sura ya mtu anapopata jambo, naiona kwa karibu kuliko mtu yeyote aliyewahi kuwa shuleni. Jambo lenyewe silioni. Nikigeuza shingo, mstari umeshafutwa. Nilijaribu kukigeuza kiti siku moja, kiguu kikalia kwenye sakafu, na darasa zima likavuta pumzi. "Mama, utatupa mgongo!" Sekela akanong'ona, macho yamejaa machozi, kana kwamba nimewakana. Nikakirudisha.

Na kila kipindi kiti kile kilizidi kupendeza. Wakakiwekea mto. Juu ya mto wakatandika kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua pembeni. Wakaleta kigoda cha kuegeshea miguu, wakaleta glasi ya maji iliyofunikwa kisahani. Kwa namna mambo yalivyokuwa yakienda, bado kidogo wangenitandikia kitanda wanizimie na taa.

Mwalimu alipoingia siku ile ya kwanza, nikamtambua, naye akanitambua. Ni Shomari. Daktari Shomari sasa, mwenye miwani na koti. Mama yake alikuwa jirani yangu Bondeni, akiwa mgonjwa tangu ajifungue, na mtoto yule nilimbeba mimi. Nilimfunga mgongoni kwa kanga nikaenda naye sokoni, kisimani, msibani. Alijifunzia kuongea kwenye shingo yangu. Alipoona nimeketi kwenye kile kiti, aliweka vitabu chini, akaja akapiga goti moja mbele ya darasa lake. "Shikamoo mama." Vijana waliguna kwa mapenzi. Ningeweza kulia.

Sasa sikilizeni chuo hiki kilivyo. Hakiandiki majina. Mwalimu huyajua kwa moyo, huyaita kila kipindi, na mwenye jina hujibu, "Nipo." Asiyeitwa hayupo, hata kama ameketi hapo anapumua. Na jina huitwa tupu, halivikwi kitu, si mama wala bibi wala dada, kwa sababu akina mama ni wengi na chuo kinataka kujua ni nani hasa. Muhula ukiisha, ambaye jina lake halikutamkwa hata mara moja anateremka mlima, na njia inaota majani nyuma ya visigino vyake. Harudi tena, kwa sababu hakuna tena pa kurudia.

Shomari aliita majina kama mtu anayepanda ngazi, bila kukosea. Akafika kwenye langu. Akakohoa, akainamisha kichwa kidogo upande wangu, akapita. Kipindi kilichofuata vilevile, na kilichofuata vilevile. Angewezaje? Aliyekubeba humwiti kwa jina lake tupu mbele za watu kama unayemwita rika lako dirishani. Ulimi wake haukuumbwa hivyo, na nusu ya ulimi ule niliuumba mimi. Kila siku nilikuwa natoweka kwa heshima zote, nimekaa juu ya kitambaa cha kufuma.

Nilinyanyua mkono niulize, labda swali litanitoa. Nikauliza lile lile lililonileta. "Mwalimu, nani aliyeamua Bondeni iwe ya mwisho?" Vijana wakatikisa vichwa polepole. Kalamu zikaanza kukimbia.

"Ahsante sana mama kwa mchango wako," akasema Shomari, mkono kifuani. "Mmesikia, vijana? Hayo ni maneno ya mtu aliyeona mengi."

Wakapiga makofi.

"Sikuchangia," nikasema. "Nimeuliza. Sijui."

"Na unyenyekevu huo," akawaambia, "ndio tunaokosa sisi wasomi."

Wakapiga makofi tena. Nyuma kabisa kijana mmoja alifuta jicho.

Nilirudi kwenye koki siku ile nikiwa na hasira ya kuweza kukata bomba kwa meno. Niliteremka mlima nikisema peke yangu, na haya ndiyo niliyokuwa nikisema, kwa vipande, kama yalivyokuja.

Kwamba wananiheshimu ili nisiwasumbue.

Hapana. Wananiheshimu kweli, na hiyo ndiyo taabu. Ukimchukia mtu anayekudharau unapumua. Ukimchukia anayekuletea mto, utamweleza nani?

Kwamba mtu mzima ana ruhusa ya kila kitu. Ya kuchoka, ya kuumwa mgongo, ya kulala kwenye mkutano. Ruhusa moja tu hana. Hana ruhusa ya kutokujua.

Nani aliiondoa? Alipoiondoa niliitia sahihi wapi?

Kazini naitwa mwanafunzi, chuoni naitwa mama, nyumbani nafika saa zimekwisha na mume wangu amesimama mlangoni, mdomo wazi, akitaka kuniambia jambo linaloanza na "Hivi wewe." Hivi mimi nini? Sijawahi kulisikia lote. Siku moja nilisimama mbele yake nikamsubiri. Nilimfuta vumbi usoni kwa upindo wa kanga. Nilimwambia, na mimi nataka kukujibu, baba watoto, ila hapa nilipo hakuna mtu wa kujibu, labda umwite mwingine.

Kwamba huenda sipo. Huenda yule aliyejiandikisha aliishia getini, na anayepanda kila alasiri ni kiti kinachotembea kwenda kukutana na kiti chenzake.

Kwamba nimechoka. Hili halina falsafa. Nimechoka, miguu inaniuma, jioni yangu yote imo ndani ya bomba la watu wengine.

Siku ya mwisho wa muhula ikafika. Nilijua ni ya mwisho kwa sababu majani yalikuwa yameanza kuchipua kando ya njia, machanga, yakisubiri kuona ni ya visigino vya nani. Nilipoishika koki, Bwana Kitwana alikuja kusimama karibu yangu.

"Leo ukipanda," akasema, "koki naifunga mwenyewe. Sitakusubiri."

"Leo ndio mwisho, Bwana Kitwana. Nipe leo tu."

"Kila siku ni leo tu. Watu wa Bondeni wamekukosea nini? Ni mtaa wako huo."

Hapo alinichoma, maana alikuwa na haki. "Nikirudi nitaifunga kabla hazijaisha," nikasema.

"Mwanafunzi wetu," akajibu, na safari hii hakucheka. "Umri huu unatafuta nini huko? Kaa hapa uheshimike."

Ningemwelewa, na kweli nilimwelewa, lakini neno lile la mwisho liliniwasha mwili mzima kama upupu. Nilizungusha gurudumu mpaka mwisho wake. Saa zikapaa. Nikatoka mbio.

Nilimkuta Shomari keshafika, yuko mbele, chaki mkononi, ubao ameshaujaza. Alikuwa hajaita majina. Kiti changu kilikuwa pale, siku ile kimevikwa hata ua la karatasi. Nilipovuka mlango, darasa zima likasimama.

"Shikamoo!"

Sikuitikia.

Hamjawahi kuona kitu kama hicho, na mimi sikuwahi kukifanya. Salamu ilining'inia pale juu ya vichwa vyao, haina pa kutua. Vijana wakaketi mmoja mmoja, wakitazamana. Sekela akadhani masikio yangu yamepata hitilafu kwa kukimbia, akaja karibu, akapaza sauti kwa huruma, "Shikamoo, mama!" Meno yangu yaliligonga lile neno la kujibu nikalizuia. Lilitaka kutoka lenyewe. Nililimeza, likashuka kavu kama tonge lisilo na mchuzi.

Nikakipita kiti. Nikaenda mpaka aliposimama Shomari, nikakunja magoti yangu yanayolia, nikainamisha kichwa.

"Shikamoo, mwalimu," nikasema.

Darasa liliachia sauti moja, ya watu walioona mtoto akiteleza ukingoni mwa kisima. Shomari alirudi nyuma, mgongo wake ukagonga ubao. Uso ulimbadilika rangi.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, "unanilaani mbele za watu?"

Nilifungua kinywa nimjibu, na hapo hapo nikasikia mvumo wa bomba unakatika. Kule chini Bwana Kitwana alikuwa amefunga koki. Mvumo ukafifia, ukawa mluzi, ukazimika, na darasa likaanza kuganda kutokea nyuma kuja mbele. Aliganda kijana wa dirishani akiwa ameshika kichwa, wa katikati kalamu ikianza kumponyoka, Sekela kiganja kikiwa mdomoni. Mimi sikuganda. Anayefanya kazi na saa hubaki na kidogo kidogo, kwenye kucha, kwenye mikunjo ya nguo, kama unga kwa mtu wa mashine ya kusaga. Nikaona Shomari naye anaanza kukakamaa, kope zinakuwa nzito. Nikamkamata mkono. Kilichokuwa kwenye viganja vyangu kikamwingia, akapumua.

Tulikuwa wawili tu katika mlima mzima.

"Kwa nini unanifanyia hivi?" akaniuliza. Sasa hakukuwa na daktari pale. Alikuwa mtoto wa jirani, kamasi inakaribia. "Nimekukosea nini? Nimekuwekea kiti. Nimewafundisha wote wakuheshimu."

"Hujaniita jina."

"Nitakuitaje jina mama, mimi? Mtu aliyenibeba mgongoni! Watu watanionaje? Mwenyewe nitajionaje?"

"Usiponiita leo, njia inafungwa."

"Najua." Alitazama chini. "Silali, mama. Kila nikilifikia naona kanga yako. Nasema sasa nalitamka, ulimi unagoma. Kwa nini usipumzike tu? Unajua mengi tayari."

"Sijui!" Nilipiga kelele, na sauti yangu ikazunguka darasani ikiwapita wale walioganda kama sanamu. "Sijui, Shomari. Hakuna anayetaka kunisikia nikilisema. Nashinda nashika koki ya kitu nisichokijua kinatoka wapi, na nikija kuuliza mnanipigia makofi. Unakumbuka nilivyokubeba?"

"Nakumbuka."

"Ulipotaka kutembea nilifanyaje?"

Akaitazama miguu yangu.

"Nilikushusha. Ulilia, ukanishika miguu, mimi mwenyewe roho iliniuma, lakini nilifungua kanga nikakushusha. Sasa wewe umenibeba muhula mzima. Nishushe, baba. Nataka kutembea."

Akalia. Alilia vizuri, bila kujificha, mkono wake ukiwa ndani ya wangu, na mimi nikamwacha, ingawa nilisikia vile vidogo vya kwenye kucha vinapungua. Sikumfuta machozi. Mkono wangu wa pili ulitaka kwenda, ukajua njia, nikauzuia nao pia.

"Hata nikisema sasa," alisema mwishowe, "hakuna anayesikia. Jina lisilosikika halihesabiki."

"Bomba likifungwa," nikamwambia, "hukohoa mara moja. Kinachobaki ndani hutoka kwa mkupuo, halafu basi. Hakizidi pumzi chache. Watasikia kama utawahi."

"Na nikishindwa?"

"Nitateremka."

Tukasubiri. Hapo ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza, mtu mzima, mvi moja juu ya sikio, miwani imejaa ukungu, anaogopa. Na yeye alikuwa anasubiri mtu amwambie afanyeje, na mtu huyo asingekuwa mimi. Nilimwonea huruma kwa saa yake, ile iliyompita bila kuiona. Huenda ndiyo kwanza alikuwa ndani yake.

Bomba likakohoa.

Kalamu ya yule kijana ikaanza kuanguka. Sekela akamaliza kuvuta pumzi aliyoianza. Nikaachia mkono wa Shomari, nikarudi nyuma hatua moja, kichwa chini, salamu yangu bado iko hewani baina yetu.

"Marahaba," akasema.

Ilikuwa sauti ya mtu anayeng'oa msumari kwenye mguu wake. Kisha akageukia darasa, akajifuta pua kwa mkono wa koti, akaniita.

"Mwantumu."

Jina lilitoka tupu. Liligonga kuta, likarudi, likanikuta nimesimama pale, na nikaogopa kwa namna nisiyowahi kuogopa, kwa kuwa halikuwa limemwita mama wa mtu wala mshika koki wala mzee yeyote wa kupishwa kwenye kiti.

"Nipo," nikasema.

"Umechelewa, Mwantumu. Kaa nyuma."

Sekela aliangua kilio. Kijana mmoja akasema, "Kha!" na sauti yake ikakatikia hapo, maana mkupuo ulikuwa umekwisha. Kalamu iliganda karibu na sakafu. Shomari aliganda akiwa ananyoosha kidole kunionyesha mahali pangu, uso mkavu, wa mwalimu, machozi yakiwa bado kwenye ndevu.

Nilikipita kile kiti, na ua lake, na glasi yake ya maji. Nikaenda nyuma. Benchi lilikuwa limejaa, na safari hii hakuna aliyepata muda wa kunipisha, kwa hiyo nilijibana pembeni, nusu ya mwili iko nje, kiwiko cha kijana kimenichoma ubavuni. Bondeni kule chini walikuwa wanakunywa chai yao. Mume wangu alikuwa anamalizia sentensi yake, na sikuwepo kuisikia. Bwana Kitwana alikuwa ameshika koki yangu, na kwa ninavyomjua hatanirudishia kirahisi, pengine hatanirudishia kabisa. Hilo nitalilia likifika.

Nikautazama ubao. Muhula mzima nilikuwa nikiisikia chaki nyuma ya kichwa changu, na sasa maandishi yalikuwa mbele yangu, meupe, mengi, hakuna wa kuyafuta. Niliyasoma kutoka juu mpaka chini, taratibu, mdomo ukitembea. Nikarudi juu nikayasoma tena.

Sikuelewa hata mstari mmoja.

Kwenye kucha nilibakiwa na kidogo sana. Nikainua mkono wa kulia, nikaunyoosha kabisa, nikaushikilia kwa wa kushoto usije ukalegea, ili mgao utakaporudi unikute hivyo.